Klasta ya Hilux ya zamani: soketi kuingia siyo ushahidi wa chochote

Swali, nimelifupisha kidogo: "Habari mkuu. Nina Hilux dabo kabini ya dizeli, LN106 injini 3L, ya mwaka 1994, iko Njombe inabeba viazi na mbolea. Geji ya mafuta imelala kwenye E muda mrefu sasa, na odomita imesimama, namba hazitembei kabisa ila mshale wa spidi unacheza kama kawaida. Nimepata klasta ya mtumba (kile kibao cha mageji mbele ya dereva) yenye RPM, yaani mshale wa mizunguko ya injini, yangu haina. Fundi mmoja anasema ni kuchomoa na kuchomeka tu, mwingine anasema nitaunguza wayaringi yote. Nimsikilize nani? Na hii kazi naweza kuifanya mwenyewe?"

Salama mkuu. Hao mafundi wawili wamekujibu bila kupima kitu ndio maana majibu yao yamepishana hivyo. Wa kwanza yuko sahihi kwa upande mmoja tu, kwamba klasta nyingi za Hilux za miaka hiyo ukizigeuza nyuma soketi zinafanana na zinaingia vizuri tu. Wa pili naye ana hoja, maana ukichomeka klasta ambayo haikutengenezwa kwa wayaringi yako unaweza ukapeleka moto kwenye njia ambayo klasta mpya imeifanya ethi, yaani hasi ya bodi, na hapo kama fyuzi ni ile sahihi itakatika na utapona, ila kama kuna mtu alishawahi kusokota waya mnene pale kwenye fyuzi basi kitakachoungua ni wayaringi yenyewe. Kwa hiyo soketi kuingia siyo ushahidi wa chochote. Kinachotakiwa ni kujua kila pini inafanya nini upande wa gari na upande wa klasta, na hilo unaweza kulifanya mwenyewe ukiwa na maltimita ya kawaida na uvumilivu.

Ila kabla hatujafika huko, kwenye maelezo yako kuna kitu hukukiuliza na ndicho kilichonifanya nisichelewe kukujibu. Odomita imesimama.

Injini ya 3L, kama ilivyo 2L na 5L, inatumia mkanda wa taimingi, haina cheni. Mkanda huo unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye klasta yako angalia vizuri utaona taa ndogo imeandikwa T-BELT ambayo kazi yake ni kukukumbusha hizo kilomita zikifika. Watu wengi wanadhani ile taa inauona mkanda. Haiuoni. Inahesabu kilomita tu kupitia gia za odomita, hiyo hiyo odomita yako ambayo imesimama, maana yake na taa nayo imeacha kuhesabu, utaendesha mwaka huu na mwaka kesho T-BELT imezima unaona uko salama huku mkanda unaendelea kuzeeka. Ukikatika pistoni zinakutana na valvu na hapo unafungua silinda hedi, msimu wa viazi unapita gari iko juu ya mawe. Kama huna maandishi yanayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini na kilomita ngapi, naomba ubadilishe mkanda kwanza pamoja na beringi yake ya kukazia, ndio urudi kwenye klasta. Mimi ningetumia hela ya RPM kwenye mkanda bila kufikiria mara mbili.

Haya, sasa turudi kwenye swali lako.

Hilux ya aina yako kwa kawaida inatumia kebo ya spidi, ile inayotoka chini kwenye giaboksi inapita ukuta wa injini mpaka nyuma ya klasta. Kebo inazungusha sumaku ndani ya kichwa cha spidomita, sumaku inakivuta kikombe chepesi cha alumini kilichoshikwa na springi nyembamba, na mshale umekaa juu ya kikombe hicho. Odomita yenyewe inaendeshwa na gia ndogo za meno zinazochukua mzunguko kutoka kwenye ekseli hiyo hiyo ya sumaku. Ndio maana nakwambia kwa uhakika kwamba kebo yako ni nzima, ingekuwa imekatika mshale nao ungelala. Kilichokufa ni gia ya plastiki ndani, ama imepasuka ama imelegea inazunguka bure juu ya ekseli yake. Angalia na ile tripu, ile unayoirudisha sifuri kwa kubonyeza. Kama tripu inatembea na odomita imesimama basi ubovu uko mbele zaidi kwenye magurudumu ya namba, kama vyote vimesimama ni gia ya mwanzo kabisa. Na usiwe unabonyeza tripu gari ikiwa kwenye mwendo, zile gia zinakuwa zimeshikana na unazilazimisha ziachane.

Kwa hiyo odomita ni ugonjwa wa klasta kweli, hapo sina ubishi. Geji ya mafuta ndiyo sikubali mpaka ipimwe.

Geji ikilala E moja kwa moja mara nyingi maana yake ni kwamba njia imekatika mahali fulani kati ya klasta na tanki, na sehemu inayokufa mapema kuliko zote ni floti ndani ya tanki, kile kielea kinachopima kiasi cha mafuta. Ule mkono wa floti unasugua kwenye waya mwembamba wa upinzani mwaka mzima, barabara zenyewe unazijua, na kama unanunua dizeli ya madumu ambayo ina maji chini yake basi kutu inafika pale haraka. Anza hivi. Weka swichi ON bila kuwasha injini, angalia taa za onyo kama zinawaka, ile ya oili na ile ya chaji, kisha washa gari likipata moto uangalie kama geji ya joto inapanda. Kama hivyo vyote vinafanya kazi basi fyuzi iliyoandikwa GAUGE ni nzima na ethi ya klasta kwa sehemu kubwa iko sawa, tatizo ni la njia ya mafuta peke yake. Kama vyote vimekufa kwa pamoja anza na hiyo fyuzi, ni ya ampea 10, na usiibadilishe kwa kubwa zaidi hata siku moja.

Halafu shuka chini kwenye tanki, chomoa soketi ya floti. Chukua balbu ndogo ya wati 3.4, zile za ndani ya dashibodi, iunge kati ya waya wa ishara na waya wa ethi kwenye soketi upande wa gari, mtu mmoja akae ndani aangalie. Swichi ikiwa ON mshale unatakiwa upande kuelekea F. Ukipanda, geji nzima, waya mzima, nunua floti na usiguse klasta kwa sababu ya mafuta. Usipopanda, fanya jaribio hilo hilo nyuma ya klasta ujue ni waya wa kati au ni geji yenyewe. Kuna mafundi wanafanya hili jaribio kwa kugusisha waya mtupu bila balbu, mshale unapanda kweli ila kwenye geji za aina fulani unaweza kuiunguza geji nzima iliyokuwa haina kosa, kwa hiyo sisitiza balbu. Na usifanye haya tundu la tanki likiwa wazi, cheche na mvuke wa mafuta havikai pamoja hata kama ni dizeli.

Floti yenyewe ukiitoa ipime kwa maltimita kwenye ohm. Toyota nyingi za miaka hiyo zinasoma karibu ohm 3 tanki likiwa limejaa na karibu ohm 110 likiwa tupu. Usijali sana namba kamili, jali kwamba ukiupandisha mkono polepole namba zinashuka bila kuruka. Ikiruka au ikisoma hakuna kitu, imekwisha.

Sasa tuseme umekuta ni floti. Basi ushauri wangu ni kwamba usiweke klasta nzima ya gari nyingine. Tafuta klasta ya Hilux kama yako kabisa, isiyo na RPM, ya dizeli, hata kama kioo kimepasuka na taa hazipo, bei yake inakuwa ndogo, halafu hamisha kichwa cha spidomita peke yake. Kinashikiliwa na skrubu chache kwa nyuma, hakina waya za maana zaidi ya hizo za taa ya T-BELT, unakitoa unakiweka, wayaringi yako haijaguswa, taa zako zote zinabaki kama kiwanda kilivyoziweka. Kwa Dar ukienda Gerezani au Shaurimoyo pale Ilala ukawapa namba ya chesisi na picha ya nyuma ya klasta yako watakutafutia. Picha ya nyuma ndiyo muhimu, ya mbele haisemi kitu.

Kama bado unaitaka RPM, na sikulaumu kwa mtu anayepanda milima na mzigo RPM ina faida, basi tuifanye vizuri.

Swali la kwanza kwa aliyekuuzia: imetoka kwenye gari gani na injini gani. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Klasta ya petroli haina taa ya hita, ile ya koili ya manjano unayoisubiri izime asubuhi ya baridi kabla ya kupiga stata, na Njombe bila hiyo taa utateseka. Haina T-BELT pia, wala taa ya maji kwenye filta ya dizeli. Badala yake inakuwa na taa ya injini ambayo gari yako haina cha kuipa. Hakikisha pia nyuma imeandikwa 12V, maana kuna Dyna na baadhi ya Land Cruiser za mfumo wa volti 24 na vipuri vyake vinakaa rafu moja na vya Hilux.

Halafu hiyo RPM. Kwenye gari la petroli mshale wa RPM unasoma mapigo ya koili ya moto, injini ya silinda nne inatoa mapigo mawili kwa kila mzunguko wa kranki. Dizeli haina koili. Dizeli iliyotoka kiwandani na RPM inachukua ishara kutoka kwenye sensa, kwa kawaida pale kwenye pampu ya dizeli, na gari yako kwa kuwa ilitoka bila RPM inawezekana kabisa haina hiyo sensa wala waya wake. Kwa hiyo hata ukipata klasta ya dizeli ambayo pini zote zimekubaliana, mshale wa RPM utakaa sifuri mpaka utafute sensa au pampu yenye sensa. Watu watakwambia chukua ishara kwenye altaneta, pini ya W. Inawezekana, lakini jua unachokifanya: altaneta yenye jozi 6 za sumaku inatoa mapigo 6 kwa mzunguko wake mmoja, na puli yake ni ndogo kwa hiyo inazunguka zaidi ya mara mbili ya kranki, hapo una mapigo 12 na zaidi mahali ambapo RPM ya petroli inategemea mawili. Mshale utaruka mpaka mwisho au utatetemeka tu. Ili isome ukweli unahitaji RPM inayoweza kurekebishwa kwa altaneta au kifaa cha kati cha kugawanya mapigo.

Na altaneta yako ikiwa haina pini ya W usiruhusu mtu aifungue hovyo aiongeze. Kwenye hizi injini za L vakyumu pampu imefungwa nyuma ya altaneta, na hiyo ndiyo inayolisha buusta ya breki. Mtu akiirudisha vibaya utapata RPM na utapoteza breki laini, na unashuka na mzigo. Hiyo kazi apewe fundi wa altaneta anayezijua hizi za dizeli, siyo mtu wa redio.

Jambo jingine ni aina ya geji. Zipo za zamani zenye kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto, na zipo za koili. Kuzitofautisha ni rahisi: zima swichi uangalie mshale wa mafuta. Ukirudi chini polepole wenyewe ni ya metali mbili, ukibaki pale pale ulipokuwa ni ya koili. Zile za metali mbili hazitumii volti 12 moja kwa moja, kuna kidhibiti kidogo cha volti kimejificha ndani ya geji mojawapo na kinalisha ya mafuta na ya joto kwa pamoja. Ndio maana ukiona mafuta na joto vyote viwili vimepanda juu kwa wakati mmoja usikimbilie kununua rejeta, shuku kidhibiti hicho au ethi ya klasta. Kila aina inataka floti yake na sensa yake ya joto, ukichanganya geji itasoma nusu tanki wakati limejaa, au joto litasoma chini wakati injini inachemka. Geji ya joto inayodanganya ni hatari kuliko ile iliyokufa kabisa, kwa sababu iliyokufa angalau unajua huna.

Oili nayo hivyo hivyo. Klasta yako ya kawaida ina taa ya oili tu na kwenye injini kuna swichi ya presha, inafunga ikikosa presha na inafungua ikipata. Klasta nyingi zenye RPM zinakuja na geji ya presha ya oili yenye mshale, hiyo inataka sensa inayobadilika siyo swichi. Ukiunga mshale kwenye swichi yako ya zamani utaona maajabu, injini imezimwa mshale uko juu, injini inaunguruma mshale umelala sifuri. Siyo pampu ya oili imekufa, ni kwamba swichi inaupa mshale ethi wakati hakuna presha. Nunua sensa yake uiweke pale pale kwenye blok.

Na taa ya chaji, hii naomba uielewe vizuri maana wengi wanaidharau. Kwenye altaneta nyingi za zamani umeme wa kuiamsha unapitia kwenye hiyo balbu. Balbu ikiungua au ukiweka LED isiyopitisha umeme wa kutosha, altaneta inaweza kukataa kuchaji mpaka uikanyage mafuta sana, au isichaji kabisa, au ikifa hupati onyo. Watu wanabadilisha balbu zote za klasta kuwa LED ili ipendeze usiku, sawa, za mwanga badilisha, ya chaji iache iwe balbu ya kawaida yenye wati ile ile iliyoandikwa.

Sasa kuitoa. Chomoa hasi ya betri kwanza. Ule mfuniko unaozunguka klasta una skrubu juu kwenye paji, kuna nyingine zinajificha pembeni, na baada ya hapo kuna klipu. Plastiki ya mwaka 1994 iliyokaa juani ni kavu, ikikataa usivute, tafuta skrubu uliyoisahau. Chomoa swichi zilizoko kwenye mfuniko ukiziwekea alama kwa utepe. Klasta yenyewe skrubu nne, ivute kwako kidogo, na hapo ndipo itakwama kwa sababu ya kebo. Usilazimishe. Nenda upande wa injini isukume kebo kupitia ukuta kuelekea ndani ili ilegee, au ifungue kule chini kwenye giaboksi, kisha ingiza mkono nyuma ubane kile kidoleo cha plastiki kebo itoke.

Ukishazipata klasta zote mbili mezani zilaze kifudifudi uzipige picha. Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, hiyo ndiyo wayaringi ya klasta. Chukua karatasi na kalamu, kwa kila pini ya soketi fuata njia yake mpaka inapoishia: hii inakwenda taa ya full, hii indiketa ya kushoto, hii geji ya joto, hii ethi. Hakikisha kwa maltimita ikiwa kwenye mlio. Fanya kwa klasta ya zamani, fanya kwa mpya, weka michoro miwili pembeni kwa pembeni. Pini zinazofanana zitakuwa nyingi, zinazotofautiana labda chache, na hizo chache ndizo zinazounguza. Rangi za waya usizitegemee peke yake, zinabadilika kwa mwaka na kwa soko gari lilikouzwa, na gari la umri huu kuna mtu alishapita na waya mwekundu kila mahali.

Kisha hakikisha upande wa gari. Rudisha betri, klasta ikiwa haijachomekwa, pima soketi pini moja moja. Yenye moto swichi ikiwa ON na kupoteza ikiwa OFF ni ya geji. Yenye moto ukiwasha taa ndogo ni ya mwanga. Yenye moto unaokatika katika ni indiketa. Isiyo na kitu lakini inasoma ohm fulani kwenda bodi ni ya floti au sensa ya joto, ya joto utaijua kwa kuwa ohm zake zinashuka injini ikipata moto. Andika kila moja. Pini zinazotofautiana usizikate waya, toa pini kwenye soketi kwa kutumia kitu chembamba ufungue ile ndimi inayoishika, uihamishie kwenye tundu lake jipya. Ukikata na kusokota na selotepu, mwakani kwenye vumbi na unyevu utaitafuta hitilafu usiyoipata.

Kabla ya kufunga, zisafishe zile njia za shaba kwa kifutio cha penseli pale soketi inapogusa, na kaza zile nati ndogo zinazoshika geji maana zenyewe ndizo zinazopitisha umeme, ikilegea geji inakuwa na akili zake. Mishale usiing'oe. Vioo futa kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, petroli inaua plastiki.

Jaribu kila kitu klasta ikiwa inaning'inia, kabla ya skrubu hata moja. Swichi ON, taa zote za onyo, indiketa kushoto kulia, full, hendibreki, fowili, taa ya hita, ndio uwashe injini uangalie chaji na oili zinazima. Weka kidole jirani na waya wa moto wa klasta, ukipata joto zima haraka utafute pini uliyokosea.

Kilomita. Klasta ya mtumba inakuja na kilomita za gari lingine, na hapa sina maneno mengi, andika kilomita za klasta ya zamani zilivyokuwa na za mpya zilivyoanza na tarehe ya kubadilisha, weka kwenye daftari la gari na picha ya zote mbili. Siku ukiuza mwonyeshe mnunuzi. Marekani sheria inataka ukibadilisha odomita ikashindikana kuiweka kwenye kilomita halisi basi isomwe kuanzia sifuri na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto, na mimi naona hata pasipo sheria hiyo mtu anayenunua gari lako anastahili kujua.

Na T-BELT ya klasta mpya nayo imehesabu mkanda wa injini ya mtu mwingine. Inaweza kuwaka wiki ijayo au baada ya miaka, haina uhusiano wowote na mkanda wako. Ukiwa umebadilisha mkanda kama nilivyosema, irudishe sifuri siku hiyo hiyo ya kufunga klasta. Kwenye baadhi kuna kizibo kidogo cha mpira usoni mwa spidomita, unakitoa unabonyeza kwa kitu chembamba, kwenye nyingine ni kuhamisha skrubu au waya kwa nyuma kutoka tundu moja kwenda jingine.

Mwisho spidi yenyewe. Spidomita za kebo za Japani zimepangwa kwa kipimo kimoja, kebo ikizunguka mara 637 kwa dakika mshale usome 60, kwa hiyo kichwa cha Hilux nyingine ya Japani kitakubaliana na kebo yako bila kubadilisha gia. Kisichokubaliana ni tairi. Kama ilitoka na 205R16 na wewe umeweka 7.00-16 kwa ajili ya mzigo, gurudumu limekuwa kubwa na mshale utasoma pungufu kama asilimia 5, yaani unaona 80 kumbe unakimbia 84, na odomita nayo inahesabu pungufu kwa kiasi hicho hicho. Pima kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, au tumia vile vibao vya kilomita kwenye barabara kuu, na ukiandika kilomita za mkanda punguza kwa kiwango hicho, yaani badala ya kusubiri 100,000 badilisha ikifika 95,000.

Anza na jaribio la balbu kwenye tanki kesho asubuhi, halafu nitumie picha za nyuma ya klasta zote mbili na namba zilizoandikwa kwenye kibandiko, nitakuonyesha pini zipi zimepishana kabla hujachomeka chochote.